Mkokoteni wa Kashindye Mbele ya Nyumba Yetu

Chemchem, Tabora
Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Tatu mwanangu,

Bismillahi. Niwie radhi kwa mwandiko huu. Mkono wangu umezoea randa na nyundo. Kalamu naishika kama mtu aliyeshika kifaranga, nikilegeza kinanitoka, nikikaza nakiua. Umekwenda mtaa wa Ng'ambo kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachia kabla ya magharibi. Kwa hiyo muda wangu ni huo tu.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala na nywele mbichi, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka kumi na miwili, na tangu ilipofika, wiki mbili zilizopita, ile barua ya kijiji unakokwenda kufundisha, sijaketi mahali nikatulia. Umeniuliza mara mbili, "Baba, mbona unazunguka tu?" Nikakwambia natafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mfukoni, mwanangu.

Barua ya kijiji unaijua, umeisoma wewe mwenyewe kwa sauti pale barazani, na jinsi unavyosoma vizuri majirani wote wakasikia. "Mwalimu atafikia kwa Mzee Kashindye, nyumba yake iko karibu na shule. Mzee mwenyewe tumemuuliza, amesema aje." Ukafurahi, ukasema, "Baba, si yule wa Ziba aliyekuwa akituletea asali?" Nikasema ndiye. Kisha nikatoka nje nikaenda kuwatazama kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Unaikumbuka asali. Sijui unakumbuka nini kingine. Sijawahi kuthubutu kukuuliza.

Nianze mbali kidogo, nivumilie. Kabla hujazaliwa mimi sikuwa fundi wa kukaa mahali pamoja. Nilikuwa na baiskeli, nyuma nimefunga sanduku la spoku, mpira, gundi na nati, nazunguka vijijini, Nzega, Ziba, mpaka Choma, nikiwatengenezea watu baiskeli zao. Mwaka mmoja mvua ilinikamata Ziba na homa ikanikamata humo humo kwenye mvua. Nilianguka njiani mbele ya kaya ya mtu nisiyemjua. Huyo ndiye Kashindye. Alikuwa mfugaji, kijana kama mimi, ndiyo kwanza ameoa, mkewe anaitwa Nyamizi. Nilikaa kwao mwezi mzima na siku kadhaa. Nyamizi alinipa uji kwa kijiko kama mtoto. Nilipopata nguvu ya kusema, neno langu la kwanza lilikuwa, "Baiskeli yangu?" Kashindye akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mtu wa mji! Roho imerudi nusu, inauliza baiskeli!"

Akanishika mkono akanipeleka zizini. Baiskeli alikuwa ameiegemeza ndani ya zizi la ndama, sanduku lake juu, akaizungushia matawi ya miiba pande zote kama anazuia fisi. Hakuna nati iliyopungua. Akaniambia, "Imetua kwangu. Ikipotea nimepotea mimi."

Na neno hilo, Tatu, halikuwa geni kwangu. Babu yangu, aliyekuja mji huu akiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani kwenye ile njia ya misafara, alikuwa akitufundisha vilevile. Alisema katika mji huu watu hawakuuliza kabila lako, waliuliza umetua kwa nani. Mzigo ukigusa vumbi la mlango wa mtu, basi mwenye mlango ndiye macho yake. Nimekua na maneno hayo kama nilivyokua na Alhamdu. Ndiyo maana haya nitakayokwambia sina pa kuyaegemeza. Sikuwa mjinga wa adabu.

Ulipozaliwa wewe nilikuwa nimeshatulia Tabora na karakana hii. Kashindye alikuja kukuona, akaleta asali, akataka nimtengenezee magurudumu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nilimchagulia mninga mkavu, mzuri kuliko wote niliokuwa nao, na katikati ya kila gurudumu nikapiga misumari miwili ya shaba, iliyokaa kama macho. Alama hiyo sikumwekea mtu mwingine yeyote, kabla wala baada. Akaniita Mwanangwa kwa utani, kama jumbe wa kijiji. "Mwanangwa wa Chemchem, magurudumu haya yatanizika." Kila mwaka baada ya mavuno akawa anakuja, anatua mbele ya nyumba yetu, wewe unapanda juu ya mkokoteni na kujifanya dereva.

Nimesimama kidogo nikaenda kukagua tairi. Mama yako ameuliza kutoka chumbani, "Unaandika nini kirefu hivyo, wosia?" Nikamwambia si wosia. Akasema, "Basi mwandikie asisahau mafuta ya nazi." Asante, nimeandika.

Sasa gari. Unajua pikapu yetu niliinunua kwa Mzee Jivan wa duka la vitambaa alipokuwa anafunga duka. Siku ananikabidhi ufunguo akaniambia, "Fundi, gari kununua ni kazi ndogo. Kazi ni pa kulilaza." Nilidhani ananitania. Lakini ndiyo kwanza uhuru umekuja, baraza la mji limeshikwa na watu wetu wenyewe, na jambo la kwanza walilotaka ni mji uwe safi. Mitaa ilikuwa imejaa malori, mikokoteni, ng'ombe, matela, kila mtu anaacha chombo chake alipochokea. Ikatoka sheria: mkazi wa mtaa mwenye gari au mkokoteni ataandikisha nyumba yake, atapewa kibao chenye namba, akipigilie mbele ya nyumba, na hapo patakuwa mahali pake pa kuegesha. Asiye na kibao chombo chake kilale kiwanjani karibu na stesheni, ambako usiku mmoja unatosha kupoteza tairi ya akiba.

Nilikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu kupanga foleni. Nikapewa namba kumi na nne, nyeupe juu ya kijani. Tatu, usinicheke, nilikipenda kibao kile kuliko gari lenyewe. Mimi mjukuu wa mpagazi, nimesoma mpaka darasa la nne tu, leo serikali yangu imeandika kwa rangi ya mafuta kwamba hapa ni pangu. Nilikuwa nakifuta vumbi kila asubuhi. Wale wazee wa benchi la kahawa upande wa pili wa barabara wakaacha kuniita Fundi. Nikipita, "Kumi na Nne, umeamkaje?" Nilijidai nimeudhika, lakini nilifurahi.

Pamoja na kibao tulipewa karatasi ya sheria. Nikaisoma pale pale dirishani, nikaielewa. Nikarudi nayo nyumbani, nikakoroga uji wa muhogo, nikaipaka gundi na kuibandika ukutani karakana, sawasawa, bila mkunjo hata mmoja, ili kila mteja aione. Mistari yake naijua mpaka leo. Ni marufuku kuegesha au kuacha chombo chochote mbele ya nyumba bila kibao. Na chini yake: mkazi atakayeruhusu chombo kisicho na kibao kuwekwa mahali pake atanyang'anywa kibao chake. Hapo karatasi ikaisha. Watu walikuwa wakija kuniuliza, "Fundi, sheria inasemaje?" nami nawasomea kama mwanachuoni. Nilijiona naijua.

Mwaka wa pili baada ya uhuru Nyamizi aliugua tumbo. Lori la pamba likamleta hospitali hapa Tabora, akapasuliwa. Walipotaka kumruhusu, mganga akamwambia Kashindye mke wake asipande lori kwa njia ile yenye mashimo, mshono haujakaza. Kwa hiyo Kashindye akarudi Ziba, akafunga ng'ombe wanne kwenye mkokoteni, akaujaza nyasi laini kama kitanda, akaja nao taratibu siku sita ili amchukue mkewe akiwa amelala. Mimi sikujua. Hakuna simu, hakuna barua. Na nani anamwandikia ndugu yake barua ya kuomba kutua?

Alifika asubuhi. Mimi nilikuwa nimekwenda na gari kuchukua mbao. Mama yako alikuwa matangani Uyui. Ulikuwepo wewe na jirani anayekuangalia, umri wako miaka saba. Kashindye akasimamisha mkokoteni pale pale alipozoea, chini ya kibao namba kumi na nne, akawafunga ng'ombe, akakwambia, "Mwambie baba nimetua kwenu, nimekwenda kumtoa mama hospitali." Akaenda kwa miguu.

Nikarudi na mbao, nikakuta ng'ombe wanne mahali pangu, wamesimama kwenye kinyesi chao, na askari wa baraza amesimama mbele yao na daftari. Mtu mrefu, kaptula imenyooshwa pasi mpaka inakata. Wale wa benchi la kahawa wamegeuka wote kutazama.

"Kumi na Nne leo amefuga!" mmoja akapiga kelele.

"Shikamoo, Fundi," askari akanisalimu. Hakuwa mtu mbaya.

"Marahaba."

"Hawa nao wana kibao?"

Watu wakacheka. Nilitazama kibao, nikatazama ukutani karakana, nikaiona karatasi yangu. Atanyang'anywa kibao chake. Hilo ndilo neno pekee nililokuwa nalo kichwani.

"Mkokoteni wa nani huu, Fundi?"

"Siujui," nikasema.

Akanitazama. "Umelala mbele ya nyumba yako na huujui?" Akauliza taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichoangusha. "Labda ni wa mtu unayemfahamu?"

"Nimeukuta. Watu wa mashamba hawa, wanaacha vyombo vyao popote."

Ndivyo nilivyosema. Watu wa mashamba hawa. Na misumari yangu ya shaba inanitazama kutoka katikati ya magurudumu, minne, kama macho ya watu wawili.

Hapo ukatoka wewe mlangoni. Ukanishika kanzu. Ukasema kwa sauti yako hiyo hiyo isiyojua kunong'ona, "Baba, si wa baba Kashindye? Amesema nikwambie ametua kwetu."

Nikakufinya sikio, Tatu. Nikalizungusha. Nikasema, "Ingia ndani. Usiseme uongo mbele ya watu."

Nimeacha kalamu hapa nikazunguka uwanja mzima.

Mtaa mzima siku ile ulikuwa na mtu mmoja tu aliyesema kweli, naye nilimwita mwongo na kumtoa machozi. Askari akauliza, "Mtoto anasema nini?" Nikajibu, "Mtoto huyo kila mtu anamwita baba." Benchi la kahawa likacheka tena. Askari hakucheka. Alifunga daftari, akaita wenzake, wakawaswaga ng'ombe na mkokoteni mpaka kwenye ua wa baraza. Nyasi za kitanda cha Nyamizi zilikuwa zinadondoka njiani, nikachukua ufagio nikafagia. Nilifagia mpaka mahali pangu pakawa safi, nikaegesha gari.

Halafu nikaenda msikitini. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa, imebaki saa nzima na zaidi. Nilikaa safu ya mbele. Watu walioingia baadaye walidhani nina uchaji mwingi. Mwenyezi Mungu ndiye aliyejua kwamba mtu yule pale mbele hakuja kwake, alikuwa amejificha. Tangu siku hiyo nikiwahi sana msikitini najiuliza nimekimbia nini.

Niliporudi walikuwa barazani. Nyamizi amelazwa kwenye mkeka, kichwa juu ya mto wako wa kitandani, na wewe umechuchumaa pembeni na kikombe cha maji, sikio lako bado jekundu. Kashindye akasimama.

"Ndugu yangu, mkokoteni uko wapi?"

"Askari wameuchukua. Sheria mpya za mji."

"Hukuwaambia ni wa kwangu?"

"Niliwaambia. Hawakusikia."

Uongo wa pili. Ule wa kwanza ulinitoka kwa hofu, huu niliusema nikiwa nimetoka kuswali.

Akasema, "Basi nitawaeleza mwenyewe, watu wazima tutaelewana." Akaenda. Alirudi alasiri, bila ng'ombe. Walimwambia mkokoteni utakaa siku nne na atozwe faini. Na walimwambia kwa nini. Sikuhitaji kuuliza, maana alipofika hakukaa.

"Bwana," akaniambia. Miaka yote hiyo nilikuwa ndugu yake, nilikuwa Mwanangwa. "Bwana, nashukuru kwa maji aliyokunywa mke wangu. Mtoto huyu ndiye aliyempa?"

"Ndiye."

"Mungu amkuze."

Akamwinua Nyamizi. Nikasema nitawapeleka na gari, nikasema walale kwetu, nikasema maneno mengi. Hakunijibu hata moja. Walilala kwa mtu mwingine, sijui nani, na kesho yake Nyamizi akapanda lori akiwa amekaa kitako, kwa njia ile ile mganga aliyoikataza, kwa sababu walishindwa kungoja siku nne katika mji wasio na pa kutua. Kashindye alibaki kukomboa ng'ombe wake. Nyamizi yuko hai, alhamdulillahi. Nasikia mpaka leo anatembea ameinama upande mmoja. Huenda ni lori. Huenda ni ugonjwa wenyewe. Sijui, na hiyo "sijui" ndiyo inayoniamsha.

Mama yako aliporudi matangani akayasikia yote kwa jirani kabla hajatua khanga. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kibao umekilinda, mume wangu. Sasa kikuletee asali." Hakulisema tena mpaka leo.

Sasa nikwambie kilichonimaliza. Miaka mitatu baadaye ilikuja mvua kubwa, ukuta wa karakana ukanywa maji, na ile karatasi ikavimba, ikabanduka yote nzima. Nikaiokota niitupe. Nyuma yake kuna maandishi. Karatasi ilikuwa na pande mbili, Tatu. Mimi niliipaka uji wa muhogo upande wa pili nikaugandisha ukutani kwa mikono yangu, nikabaki nikiwasomea watu nusu ya sheria miaka yote hiyo. Uji ulikuwa umekula herufi nyingine, lakini ilisomeka: isipokuwa chombo cha mgeni wa mkazi, ambacho chaweza kukaa mahali pa mkazi kwa siku tatu, iwapo mkazi atamtambulisha mgeni wake kwa askari.

Siku tatu. Haki ya mgeni tuliyofundishwa chuoni tukiwa watoto, siku tatu zile zile. Waliotunga sheria ile walikuwa watu wa mji huu, mababu zao walitua mizigo hapa kama babu yangu. Sheria haikunitaka nichague kati ya kibao na ndugu yangu. Ilinitaka niseme, "Ni mgeni wangu," basi. Askari alijua. Ndiyo maana aliniuliza mara mbili, ananifungulia mlango, mimi nausukuma ufunge.

Lakini nimejichunguza sana na sitaki kujificha nyuma ya karatasi kama nilivyojificha safu ya mbele. Tuseme upande wa pili ungekuwa mtupu. Tuseme kweli ningenyang'anywa kibao. Je, ningekuwa na haki ya kusema siujui? Baiskeli yangu ilizungushiwa miiba mwezi mzima na mtu ambaye hakuwa na sheria yoyote ukutani. Kutokuielewa sheria lilikuwa kosa moja. Kumkana mtu ni jingine, na hilo halikuandikwa upande wowote wa karatasi.

Baraza la mji lenyewe siku hizi halipo, limevunjwa, mambo yote yamehamia mkoani. Hakuna anayeuliza kibao. Chetu unakijua, ni kile kipande cha bati cha kijani kilichoziba tundu kwenye mlango wa banda la kuku. Ndicho hicho. Rangi imebanduka, imebaki ile nne peke yake.

Kwa nini sikwenda kuomba radhi? Nilikwenda. Mara moja, ulikuwa darasa la sita, niliwaambia nakwenda Nzega kununua mbao. Nilipita Nzega nikafika kwenye njia inayoingia Ziba. Nikazima gari. Nikakaa. Ng'ombe wakapita, watu wakapita, mmoja akanisalimu kwa Kinyamwezi akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikasema ndiyo, nikafungua boneti nikajidai natengeneza. Kisha nikageuza. Nilituma salamu kwa madereva wa malori, mara tano, mara sita. Hazikurudi. Wala sukari niliyotuma haikurudi, nadhani madereva walikunywa chai.

Na sasa serikali imekupanga Ziba, na katika nyumba zote za kijiji ni nyumba ile. "Amesema aje." Nimeyageuza maneno hayo kama mtu anayetafuta mlango gizani. Jina lako limeandikwa na langu nyuma yake, kwa hiyo anajua mwalimu huyu ni binti wa nani. Nadhani aliyemkubali ni yule mtoto wa kikombe cha maji. Mimi sijui kama nimo.

Mpango ulikuwa uondoke kesho na lori la Saidi, nami nikupungie mkono barabarani. Mpango mzuri, eti? Mwanangu apokelewe na mtu niliyemkana, ale chakula cha mwanamke anayetembea ameinama, na habari aipate kwao, au kwa jirani wa kwanza mwenye ulimi. Au asiipate kabisa, wakamstahi, wakakaa nayo kimya kila jioni mbele yake. Sikujua lipi baya zaidi. Nilitaka barua hii ikutangulie, ujue nyumba unayoingia.

Nilipofika hapa mama yako akaja akasimama nyuma yangu. Najua alisoma, maana alinyamaza mno. Halafu akasema, "Gari lina petroli?"

Nikasema, "Nusu tangi."

"Na tairi?"

"Nimezikagua mara tatu tangu alasiri."

"Basi mtu anayekagua tairi mara tatu ana safari," akasema, akarudi kwenye sanduku lako.

Nimekwenda mpaka kwa Saidi nikamwambia kesho asikungojee. Nimerudi nakimbia kama mwizi, jasho linanitoka, na jua limeshaanza kushuka. Nimemaliza kufikiri. Nitakupeleka mwenyewe.

Barua hii nitakupa asubuhi tukishatoka mjini. Kuizungumza siwezi, nimejaribu na kuku wananishangaa. Isome polepole, nitaendesha taratibu. Imalize kabla ya Nzega. Ukimaliza usilazimike kusema kitu. Nigonge begani tu nijue. Na kama utaona ni afadhali nikuache njia panda uingie peke yako bila mimi, niambie wazi, sitakufinya sikio. Una haki hiyo kuliko mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwomba radhi, kabla yao, kwa neno lile "uongo". Nilikuwa nalisema kwako nikijitazama mwenyewe.

Utakuwa mwalimu, utabandika karatasi nyingi ukutani. Ushauri wangu wa pekee wa ufundi: tumia misumari minne midogo kwenye pembe. Karatasi iweze kugeuzwa.

Ukiniruhusu kufika, nitafanya hivi. Gari nitalisimamisha barabarani, nje kabisa ya kaya yake, hata kivuli chake kisiguse uwanja. Sanduku lako lisishuke. Nitakwenda kwa miguu nipige hodi, nimsalimu Nyamizi kwanza, kisha yeye, na nitasema nilichokuja kusema bila kutaja karatasi. Akiniambia, "Lete gari hapa," nitaleta. Akinyamaza, nitabeba sanduku lako begani mpaka mlangoni pake, nikuache, nirudi nilikotoka. Wewe ukae, ufundishe, usinigombanie.

Lakini Ziba ni kijiji, na gari geni halikosi watu. Atatokea mtu, mwenyekiti au mpita njia, atauliza kama wanavyouliza watu wote duniani: gari la nani hili? Nami nitakuwa nimesimama pale, Tatu, mkono juu ya mlango wa gari, sisemi neno, nangoja Kashindye ajibu.

Nasikia sauti yako njiani, na adhana imeanza.

Baba yako